Makaa Yaliisha Kabla ya Theluji: Treni Mbili za Wellington, 1910

Usiku wa kuamkia Jumanne, 1 Machi 1910, kama saa saba na dakika arobaini, bamba la theluji lilikatika ubavuni mwa mlima juu ya stesheni ndogo ya Wellington, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 800 na upana wa mita 400 hivi. Chini yake zilikuwa zimesimama treni mbili za kampuni ya Great Northern, moja ya abiria na nyingine ya barua. Zote mbili zilisombwa na kutupwa bondeni, kuelekea mto Tye. Walikufa watu 96: abiria 35, wafanyakazi wa reli 58 waliokuwa ndani ya treni, na watatu waliokuwa stesheni. Watu 23 walitolewa hai. Hakuna poromoko la theluji lililowahi kuua watu wengi zaidi nchini Marekani.

Kisa hiki huelezwa kama kisa cha poromoko, lakini kwa mtu wa reli kilianza mapema zaidi. Treni zile zilikuwa zimekwama mlimani tangu 24 Februari, na kila siku iliyopita ilipunguza njia za kujiokoa: plau moja (mashine ya kuondoa theluji relini) baada ya nyingine, tani moja ya makaa baada ya nyingine, kibarua mmoja baada ya mwingine. Mlima ulipoporomoka, reli ilikuwa imekwisha kushindwa.

Mahali penyewe

Great Northern ilivuka Cascade kupitia Stevens Pass. Tangu Desemba 1900 kileleni palikuwa na handaki la kilomita 4.2, lililochukua nafasi ya njia ya zigizaga iliyotumika kwa miaka kama saba kabla yake. Njia ya kupandia ilikuwa na mwinuko wa mita 2.2 kwa kila mita 100, mkali sana kwa reli kuu, na ndani ya handaki mwinuko ulikuwa mita 1.7. Vichwa vya mvuke vikipanda mle ndani vilijaza moshi kiasi cha kuwaangusha madereva, hivyo mwaka 1909 kampuni ikaweka vichwa vya umeme vya kuvutia treni ndani ya handaki peke yake. Kwenye mdomo wa mashariki palikuwa na stesheni ya Cascade Tunnel, na kwenye mdomo wa magharibi Wellington.

Kutoka Wellington reli iliteremka ikiambaa na mlima, ikazunguka kona ya Windy Point, kisha ikapinda na kurudi hadi Scenic, chini bondeni. Ukisimama Windy Point uliiona Scenic karibu chini ya miguu yako, lakini kwa treni ilikuwa safari ndefu, kwani njia ilijizungusha makusudi ili kupunguza mwinuko. Kipande hicho kilikatwa ubavuni: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Hapo plau ina upande mmoja tu wa kutupia theluji. Poromoko nalo halina pa kupita ila juu ya reli.

Kuna na suala la miti. Mioto ya msituni na ukataji wa mbao vilikuwa vimeuacha ubavu ule mtupu, wenye visiki vilivyoungua. Msitu mkubwa huishika theluji kwa namna mbili. Matawi hukamata sehemu yake na kuiangusha kwa mafungu, kwa hiyo tabaka chini ya miti huwa limevurugika na halikatiki kama bamba moja. Mashina nayo husimama kama misumari iliyopigiliwa mlimani. Ukiondoa vyote viwili kwenye mteremko wa kati ya digrii 30 na 45, unabaki na ubao laini unaongoja mzigo.

Plau inaweza nini, na inashindwa wapi

Plau ya kawaida ni kabari ya chuma iliyofungwa mbele ya kichwa cha treni. Nguvu yake ni mwendo: inaigonga theluji kwa kasi na kuisukuma kando. Theluji laini ya kina cha goti au kiuno haiisumbui. Ikikutana na lundo refu lililoshindiliwa na upepo hudidimia na kukwama, au mbaya zaidi, hupanda juu ya lundo na kuacha reli.

Kwa theluji ya milimani kulikuwa na plau ya pangaboi. Wazo lake lilitoka kwa J. W. Elliott, daktari wa meno wa Toronto, mwaka 1869, na mashine za ukubwa kamili zikaundwa katika miaka ya 1880 na ndugu Leslie wa Ontario, Kanada. Ni behewa zima lenye boila na injini yake ndani, na kazi ya injini hiyo ni kuzungusha gurudumu lililosimama wima mbele, la kipenyo cha karibu mita 3. Visu vya gurudumu hukata theluji na kuivuta ndani, nguvu ya mzunguko huitupa nje kupitia bomba pana la juu, kulia au kushoto kulingana na upande gurudumu linakozungukia. Lakini plau hii haijisukumi. Nyuma yake lazima kiwepo kichwa cha treni, kimoja au zaidi. Madereva wa nyuma hawaoni chochote, hivyo rubani wa plau huwaongoza kwa filimbi: mbele, simama, rudi. Mwendo wake katika theluji nzito ni wa mtu anayetembea. Ikisukumwa kwa pupa, gurudumu hukabwa. Ikisukumwa kivivu, inachoma makaa mengi kwa mita chache.

Watu wengi hudhani kina cha theluji ndicho adui wa mashine hii. Kusema kweli, theluji safi hata ikizidi kimo cha gurudumu huwezekana: vibarua hupanda juu, huibomoa kwa mabeleshi na kuiangushia mbele ya visu. Kinachoishinda ni mambo mengine mawili.

La kwanza ni kilichomo ndani ya theluji. Theluji inayoanguka kutoka angani ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Theluji ya poromoko hufika kilo 400, 500 na zaidi, na ikishasimama chembe zake hushikana kwa muda mfupi hadi ikawa ngumu kama saruji mbichi iliyoanza kukamata. Halafu imebeba magogo, visiki na mawe. Kisu kimoja kikigonga gogo hupinda au hukatika, na gurudumu lisilo na mizani litaitikisa mashine mpaka beringi zake ziharibike. Kwa hiyo poromoko halipelekewi plau moja kwa moja. Kwanza watu hulichunguza kwa fito ndefu, hukata miti kwa misumeno, hupasua mawe kwa baruti, na kulichimba kwa hatua kama ngazi. Plau huja mwisho.

Piga hesabu ndogo ili uone uzito wake. Chukua poromoko lililofunika mita 200 za reli kwa kina cha wastani cha mita 6, na wewe unahitaji mfereji wa upana wa mita 5. Hizo ni mita za ujazo 6,000, karibu tani 3,000. Kibarua mmoja mwenye beleshi akitoa mita moja ya ujazo kwa saa katika theluji ngumu, amefanya kazi nzuri. Watu 50 watahitaji saa 120, yaani siku 10 za saa 12 kila moja. Hilo ni poromoko moja tu, ikiwa jingine halitashuka juu yake wakati unachimba.

La pili ni makaa. Plau hula makaa mara mbili, kwenye boila yake na kwenye boila ya kichwa kinachoisukuma, na hula hata ikiwa imesimama. Huwezi kuuzima moto kwenye baridi kali ukaondoka: maji yataganda ndani ya mabomba na kuyapasua, na mashine itageuka kizuizi kipya kwenye reli unayotaka kuifungua. Plau iliyoishiwa makaa mlimani ni mbaya kuliko kutokuwa na plau kabisa.

Siku sita

Treni ya abiria, namba 25, ilitoka Spokane jioni ya 22 Februari ikielekea Seattle. Ilichelewa kwanza Leavenworth, chini ya mlima upande wa mashariki, kisha ikapandishwa hadi mdomo wa mashariki wa handaki na kusimamishwa pale pamoja na treni ya barua namba 27, kwa sababu njia ya upande wa Windy Point ilikuwa imefungwa. Abiria walipelekwa kula kwenye banda la wapishi la stesheni.

Msimamizi wa kanda, James H. O'Neill, alikuwa mlimani mwenyewe akiongoza plau. Uamuzi wa kuziruhusu treni zipande ulikuwa wa kawaida kwa reli ya wakati ule: dhoruba za Cascade zilidumu siku moja au mbili, kisha plau zilifungua njia. Treni ikirudishwa nyuma, ratiba na mkataba wa barua vingevurugika. Kosa halikuwa kupanda. Kosa lilikuwa kupanda bila akiba ya kutosha ya kukaa huko.

Treni zilivushwa handaki na kuwekwa kwenye reli za kupishania pale Wellington. Muda mfupi baadaye poromoko likashuka upande wa mashariki na kulifagia lile banda la chakula. Watu wawili wakafa. Kwa waliokuwa Wellington habari hiyo ilikuwa na maana mbili zinazopingana: kwamba kuhamishwa kumewaokoa, na kwamba mlima huu unaweza kushuka mahali ambapo watu wa reli wenyewe hawakutarajia.

Baada ya hapo kila kitu kiliharibika kwa zamu. Plau za O'Neill zilifungua kipande, poromoko likaangukia mbele, wakageuka, wakakuta jingine limeangukia nyuma. Kuna mbinu ya hali kama hiyo: unafunga plau mbili zinazotazama pande tofauti na kuweka vichwa katikati, ili ukikatiwa nyuma uweze kuchimba kurudi ulikotoka. Alikuwa nayo. Lakini kati ya maporomoko mawili yenye miti ndani, plau mbili huchoma makaa mara mbili zaidi, na hazipati pa kujazia. Moja ya mashine zake iligonga kisiki na kuharibika. Nyingine zikanaswa na makaa yakaisha. Wakati huohuo vichwa vya treni zilizosimama Wellington vilikuwa vinatumia makaa yaleyale kutoa mvuke wa kupasha mabehewa joto. Kwa hiyo akiba iliyopaswa kufungua njia iliwaka chini ya viti vya abiria, na haikuwezekana kuwanyima.

Nyaya za telegrafu zilikatika kama 26 Februari. Tangu hapo Wellington haikuweza kuomba makaa, plau wala watu, na wa upande wa Scenic hawakujua wapi pameziba na kwa kiasi gani.

Kisha vibarua wa mabeleshi. Walilipwa senti 15 kwa saa, kazi ya kutwa kucha chini ya mteremko unaoporomoka. Walidai senti 50. O'Neill alikataa, na wengi wakachukua virago wakateremka kwa miguu hadi Scenic. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi wake usioteteka. Tumeona hapo juu kwamba poromoko lenye magogo hufunguliwa na mabeleshi kwanza, plau baadaye. Akikosa makaa, watu walikuwa ndio mashine pekee iliyobaki, na tofauti ya mshahara wote wa siku chache ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuharibu plau moja.

Tarehe 27 O'Neill mwenyewe aliteremka kwa miguu kutafuta msaada. Baadhi ya abiria nao walitembea hadi Windy Point na kujitelezesha chini hadi Scenic. Walifika. Waliobaki Wellington walikuwa wagonjwa, wanawake wenye watoto, wazee, na wale walioona ndani ya behewa lenye joto ni salama kuliko kwenye theluji.

Kwa nini hazikurudishwa handakini?

Abiria waliliuliza swali hili kabla ya maafa, na mahakama ikaliuliza baadaye. Handaki lilikuwa hatua chache kutoka pale, lina mwamba juu yake, hakuna poromoko linaloweza kuligusa behewa lililo ndani.

Hoja za kukataa hazikuwa za kijinga. Treni inapashwa joto na kichwa chake. Kichwa kinatoa moshi. Na moshi wa handaki lile ulikuwa umeshawatisha watu wa reli kiasi cha kuwekewa umeme. Ukizima moto unawagandisha abiria mahali pa giza penye maji yanayochuruzika. Kwenda kula wangelazimika kutoka nje na kupita chini ya mteremko mara tatu kwa siku. Mdomo wa handaki nao ungeweza kuzibwa. Tena hadi wazo hilo lilipopata nguvu, treni zenyewe zilikuwa zimefukiwa hadi kwenye magurudumu. Kuzisogeza kulihitaji mabeleshi mengi na makaa, vitu viwili vilivyokuwa vimekwisha.

Hata hivyo hoja hizi zinalinganisha taabu na taabu. Hazilinganishi taabu na kifo, kwa sababu O'Neill na watu wake hawakuamini kwamba ubavu ule ungeshuka. Hakuna aliyekumbuka kuuona ukishuka. Kumbukumbu hiyo ilikuwa ya mlima wenye miti. Mlima wa 1910 ulikuwa mwingine, na mtu wa kulitambua hilo angepaswa kutazama visiki badala ya daftari la matukio.

Palikuwa na njia ya katikati: kuwahamisha watu na kuziacha treni. Hoteli ndogo ya Wellington haikuguswa na poromoko. Isingewatosha wote kulala kwa raha, ila dhoruba ya siku sita si wakati wa kuhesabu vitanda.

Kilichotokea ubavuni

Dhoruba ilianza kwa theluji nyepesi ya baridi. Siku zilivyokwenda hewa ilipata joto, theluji ikawa ya maji na nzito, juu ya ile nyepesi. Mpangilio huo, kizito juu ya dhaifu, ndio unaozaa bamba. Usiku wa 28 Februari theluji ikageuka mvua, pamoja na upepo wa joto na radi.

Milimita moja ya mvua ni kilo moja kwa kila mita ya mraba. Milimita 30 juu ya mteremko wa mita 800 kwa 400 ni tani 9,600 zilizoongezwa kwa usiku mmoja, tena bila kuongeza uimara wowote, kwani maji yanayopenya hulainisha mshikamano wa chembe. Walionusurika waliitaja radi, na inawezekana ngurumo ilikuwa ya mwisho kabla bamba halijakatika, lakini mvua ndiyo iliyoufanyia kazi mlima ule. Kwa wanaolinda reli za milimani leo, mvua juu ya theluji mpya ya siku kadhaa ni amri ya kuondoa watu na mabehewa chini ya mteremko papo hapo, usiku au mchana.

Poromoko lilizipiga treni kutoka ubavuni. Mabehewa ya wakati ule yalikuwa na bodi za mbao, yalipasuka yakibingirika. Vichwa vya umeme vilivyokuwa pale navyo viliondoka. Habari ilifika Scenic kwa mtu aliyeteremka kwa miguu, na waokoaji wakapanda kwa miguu vilevile. Miili iliteremshwa kwa sleji zilizoongozwa kwa kamba. Ya mwisho ilipatikana mwishoni mwa Julai, theluji ilipoyeyuka.

Siku tatu baada ya Wellington, 4 Machi, huko Rogers Pass nchini Kanada, kikosi cha kampuni ya reli ya Canadian Pacific kilikuwa kinachimba poromoko lililofunika reli, poromoko la pili likashuka kutoka upande wa pili wa bonde na kuua karibu watu 60. Dhoruba zilikuwa za majira mamoja. Na kosa lilifanana: kuutazama mteremko ulioshuka na kuusahau usioshuka.

Hukumu na matengenezo

Jopo la uchunguzi wa vifo lilisema poromoko lilikuwa nje ya uwezo wa binadamu, lakini likaongeza lawama zinazomwelea mtu wa reli: treni hazikuwekwa mahali salama kuliko pote palipokuwepo, Wellington haikuwa na makaa ya kutosha kwa dharura, na mshahara wa vibarua haukutosha kuwabakiza. Kesi ya fidia dhidi ya kampuni ilishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama (jury) mwaka 1913. Mahakama Kuu ya jimbo ikaitengua mwaka uliofuata, ikilihesabu poromoko kuwa tendo la Mungu.

Kampuni haikungoja hukumu. Jina Wellington lilibadilishwa kuwa Tye ndani ya mwaka huohuo, jambo la kuwatuliza abiria tu. La maana lilikuwa mapaa. Paa la kukinga theluji ni mwendelezo wa mteremko: linainama kwa pembe ya karibu na ya mlima, limeshikamana na ukuta wa juu bila mwanya, ili poromoko lipite juu lisigonge ubavuni. Mwanya mdogo ukiachwa, theluji hujaa humo na kulisukuma paa kutoka nyuma. Mapaa ya mbao ni rahisi lakini hushika moto na huoza. Pale treni zilipoangukia, Great Northern ilijenga la zege, la urefu wa karibu mita 750, lenye reli mbili ndani, na bado limesimama kando ya njia ya watembea kwa miguu. Kati ya Scenic na Tye mapaa yalifika takriban kilomita 14.

Gharama ya kuyatunza, kuyajenga upya na, zaidi ya hayo, kuendesha plau kila mwaka ilisukuma uamuzi wa mwisho: kuuacha ubavu ule kabisa. Handaki jipya la Cascade, la kilomita 12.5, lilifunguliwa Januari 1929. Lilishusha kilele cha njia kwa zaidi ya mita 150, na reli ya Windy Point, mapaa yake na stesheni ya Tye vikaachwa siku hiyo.

Tatizo la moshi lilirudi. Handaki jipya liliendeshwa kwa umeme hadi 1956, dizeli ilipochukua nafasi. Tangu hapo mdomo wa mashariki una mlango na mapangaboi makubwa. Treni ya kupanda ikiingia, mlango hufungwa na hewa safi husukumwa kuipoza injini, na ikishatoka husukumwa tena kuufukuza moshi. Hadi ufagiwe, treni inayofuata husubiri nje kama nusu saa.